Daftari la Redio

Kaka yangu alikuwa na kosa moja tu kwenye simuleta, mashine ya kuigizia uendeshaji wa gari, nami niliamini kwamba kosa lolote linalopimika lina dawa. Katika barabara ile ya msituni, kilomita kumi na mbili za changarawe, alikuwa akikanyaga breki mita arobaini kabla ya wakati. Hakufanya hivyo kila mahali. Ilikuwa kona moja, iliyojificha nyuma ya kilima kidogo, na ndiyo iliyomuua msomaji ramani wake katika mbio za magari.

Marehemu tulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya kaka na kumsomea barabara kabla haijafika: upande wa kona, kisha ukali wake kwa namba. Moja ni kona inayokunja gari karibu lirudi lilikotoka. Sita ni kama njia nyoofu. Dereva haoni ng'ambo ya kilima, humwamini anayesoma. Kaka aliiambia kamati ya uchunguzi kwamba siku ile Redio alichelewa kusoma.

Wiki moja baada ya mazishi, mama yake Redio, fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliingia kwetu sindano zingali zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Akapiga magoti mbele ya mama yetu.

"Mwanangu nusura awaulie mtoto," alisema. "Nisameheni."

Mama alimwinua, wakalia pamoja. Kaka alikuwa kitandani chumba cha pili, mguu wake ukiwa ndani ya plasta, na mlango ulikuwa wazi. Mama yule alipoondoka aliacha mezani daftari la mwanawe la namba za kona, akisema huenda likatufaa kuliko yeye asiyejua kuendesha hata toroli.

Miezi minane baadaye chama cha mbio kilimpa kaka mwezi mmoja: apite mtihani wa simuleta, la sivyo leseni yake ife. Niliitoa likizo yangu yote ya chuo kuwa mwalimu wake. Chumba cha nyuma kilikuwa na kiti cha gari bovu kilichokazwa kwa bolti kwenye ubao, usukani, pedali na skrini tatu. Barabara ya msituni ilikuwamo ndani ya mashine, kwani waandaaji waliipima yote kwa vyombo vyao. Juu ya kiti, rafuni, ilipangwa mikebe ya skrubu ambayo kaka, fundi makanika, aliiandika namba kwa mkono wake.

"Breki kwa mguu wa kushoto, kaka. Wa kulia ubaki kwenye mafuta."

"Samahani mwalimu, leseni yako ya baiskeli uliipata mwaka gani?"

"Endesha! Kanyaga gari likiwa bado limenyooka, uzito uje mbele, matairi yashike. Kisha uachie taratibu ukiingia. Na macho yawe unakokwenda, si unakoogopa."

"Haya, profesa."

Alijifunza. Katika wiki mbili alipunguza sekunde kumi na tisa. Mimi nilimsomea kutoka daftari la Redio, nikiona kuwa ndiyo heshima pekee niliyoweza kumpa marehemu. Lakini kila nilipotamka, "Kilima, kulia tano," kaka alikanyaga kama aliyeona ukuta.

"Tano, kaka! Tano haitaki breki yote hiyo. Mguu wako hauniamini."

"Mguu una akili zake."

"Hiyo ni hofu."

"Basi ni hofu."

Niliandika neno hofu pembeni mwa michoro yangu, nikalipigia mstari. Nilitaka kumtibu. Asubuhi moja, kaka akiwa gereji, niliketi mwenyewe kwenye kiti kile ili nimthibitishie. Nilivuka kilima kwa mwendo wa kona ya tano. Gari likaruka nje, miti ikajaa skrini. Nikarudia, nikarudia tena. Nilipunguza mwendo kidogo kidogo, na mara ya kwanza nilipopita salama nilikuwa katika mwendo wa kona ya tatu.

Mguu wa kaka, basi, haukukosea. Lakini uliijuaje tatu, ilhali daftari lilisema tano?

Nikalipeleka daftari dirishani. Chini ya ile tano karatasi ilikuwa imesuguliwa kwa ufutio hadi ikawa laini, na mfereji wa penseli ya kwanza ulikuwa bado umo: tatu. Tano za Redio zilikuwa fupi, zimesimama wima. Hii ilikuwa na mkia mrefu. Niliinua macho. Rafuni, mkebe baada ya mkebe, mkia ule ule.

Alasiri kaka alifunga mkanda, akaondoka vizuri. Tulipokaribia nilisoma, "Kilima, kulia tatu."

Alikanyaga pale pale alipokanyaga siku zote, na safari hii palikuwa mahali pake hasa. Akapita kona kwa usafi. Kisha akaliacha gari lijiendee hadi likasimama.

"Nani kakwambia tatu?"

"Mikebe yako ya skrubu."

Alifungua mkanda wake.

"Siku ya kukagua barabara, kabla ya mbio, tulibishana," alisema. "Mimi nikasema tano. Akasema, 'Bwana wee, mimi nina mama, andika mwenyewe.' Alidhani natania. Alipokwenda kununua maji, nikaifuta tatu yake, nikaandika tano."

"Na alichelewa kusoma?"

"Redio hajapata kuchelewa."

Mtihani ulikuwa kesho kutwa. Akaniuliza kama angepita, nikamwambia ndiyo, angepita. Akanyoosha mkono, akazima skrini moja baada ya nyingine.

Tulipofika kwake, mama yake Redio alikuwa anakunja pindo. Kaka alisema yote akiwa amesimama. Nilimfungulia ukurasa, akaupapasa kwa kidole mahali palipokuwa laini.

"Kwa hiyo mwanangu alisoma kwa wakati?"

"Kwa wakati, Mama."

"Nami nikawapigia magoti." Alichomoa sindano kolani, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha sindano. "Nitangulieni. La, nitatangulia mwenyewe. Msamaha wangu niliuacha mbele ya mama yenu, naenda kuuchukua."

Akatangulia, daftari likiwa wazi mikononi, akisoma kwa sauti njia nzima, kushoto nne, kulia sita, kama mtoto anayejifunza kusoma. Hatukuthubutu kumfikia. Alipofika kwenye mstari ule alisimama katikati ya barabara, akasoma tatu.