Sahani ya Kakule

Nyundo ilianza kugonga tena mtaani Kyebando siku ya Jumanne asubuhi. Nabintu alikuwa mlangoni akipepeta maharage, na ungo ukamponyoka. Mlio ule aliujua: gonga mbili, nyamaza, gonga moja. Ndani, binti yake Perpétue, wa miaka tisa, aliingia chini ya kitanda.

Kakule amerudi.

Hakuna aliyemtarajia. Watu waliotiwa kwenye buti la gari mchana kweupe hawakuwa wakirudi, mwaka ule wala mwaka uliotangulia. Huyu alirudi baada ya miezi mitano, meno manne hayapo, mguu mmoja anauburura. Akaketi kibarazani pake pa zamani, akaendelea kukata makopo na kuunda vibatari.

Majirani walimmiminikia.

"Kakule! Hata jeshi limeshindwa kukutafuna?"

"Walinitafuna, wakakuta mifupa mitupu," akajibu, na kibaraza kizima kikacheka. Wakongo wenzake wakapanga sala ya shukrani Jumapili.

Nabintu hakucheka. Alikuwa amebaki peke yake mwenye kujua kwa nini Kakule alichukuliwa.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa amemtuma Perpétue kwa Kakule akanunue kibatari, na mtoto akakawia. Siku ya tatu ndipo alipomweleza mama yake alichofanyiwa, kwa maneno machache, macho yake yakiwa ukutani. Nabintu alikwenda kwa jirani yake Tarcisio, koplo wa polisi. Tarcisio alivua kofia.

"Mama, nikiandika kesi yenyewe, mtoto atasimama kortini aulizwe mbele ya wanaume. Halafu mtaa utamnyooshea kidole yeye."

"Basi nifanye nini, afande?"

"Kuna njia fupi. Nikisema huyu anaficha waasi, hakuna atakayeuliza zaidi."

Nabintu aliitikia kwa kichwa. Ni hilo tu alilofanya. Kesho yake saa sita gari lilikuja, na Perpétue aliona yote kupitia dirishani. Ikapita wiki nzima. Kisha akauliza, "Mama, nikisema jina la mtu, anachukuliwa?"

Wiki sita baadaye Tarcisio naye alichukuliwa, akiwa kazini. Mkewe, Alanyo, akabaki na Atim, mtoto wao wa miaka saba. Siri ile Tarcisio hakuwa amemwambia hata yeye.

Sasa kila mchana Alanyo alipika, akapakua sahani iliyojaa, akampa Atim ampelekee Kakule.

Alhamisi Atim alirudi na bangili ya bati, imesuguliwa ikang'aa. Perpétue aliwahi kuwa na bangili kama ile. Hiyo ya Perpétue, Nabintu alikuwa ameitupa chooni.

Akavuka ua hadi jikoni, ambako Alanyo na wanawake wengine watatu walikuwa wakimenya matoke.

"Mama Atim, usimtume mtoto kwa yule mtu."

"Kwa nini?" Alanyo hakuinua macho. "Yeye alitoka kule. Amesema iko uso aliona, kama ya Tarcisio, lakini kichwa bado inamuuma. Siku moja atakumbuka vizuri."

"Anakudanganya ili mtoto aendelee kuja."

"Wewe unajuaje?"

Nabintu angeweza kunyamaza. Alitazama bangili kwenye kiganja kidogo cha Atim, aliyesimama kando ya mama yake, akasema. Alisema alichofanyiwa Perpétue. Alisema alikwenda kwa nani, na waliafikiana nini.

Kisu cha Alanyo kilianguka kwenye maganda. "Tarcisio yangu? Na wewe mulipeleka mtu kule? Kule kule?"

"Nilimwomba mimi."

Wanawake watatu walisikia yote, lakini waliloondoka nalo ni moja. Kabla ya jioni Kyebando nzima ilijua kuwa Nabintu ni mpelelezi. Habari ya mtoto haikufika hata nyumba ya pili. Mmoja aliyeisikia alisema, "Angetafuta uongo gani mwingine?" Ijumaa hakuna aliyenunua maharage yake. Mtu akapita akiimba, "Afande Nabintu, utatupeleka lini?"

Jumapili ua wa Kakule ulijaa. Waliimba, wakapiga makofi, wakamwekea mikono kichwani. Nabintu alikaa mlangoni pake na kuwasikiliza. Hakumwonea Kakule huruma, wala hakuweza kuwachukia walioimba. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapa hadithi ile ya mtu aliyeonewa, miezi mitano iliyopita, kwa kuitikia kwa kichwa.

Jumatatu saa sita Alanyo alipakua chakula. Atim akanyoosha mikono kuipokea sahani. Alanyo aliishika muda mrefu, akitazama upande wa kibaraza cha Kakule, kama mtu anayeangalia barua ambayo hataifungua. Kisha akaketi chini, akaiweka katikati yao wawili.

"Kula," akamwambia mtoto. Yeye hakula. Kwa Nabintu hakugeuka hata mara moja.

Kule barazani nyundo iligonga mbili, ikanyamaza. Pigo la tatu halikuja.

Perpétue alitoka chini ya kitanda, akasimama nyuma ya mama yake.

"Ulisema jina lake?"

"Nilisema."

"Na wewe watakuja kukuchukua?"

Nabintu alimvuta mtoto karibu. Wote wawili wakawa wanasikiliza: barabarani, kama kuna gari; barazani, kama nyundo itaanza tena.