Mbatata za Uwani kwa Swabaha

Mwaka ule wa vita mchele ulikuwa wa kupimiwa, na watu wa Mji wa Kale wakala unga wa mahindi ya manjano huku wamekunja nyuso. Ndipo Muhdhar, karani wa bohari moja huko Shimanzi, alipomletea mkewe mbatata sita nyekundu zilizokwisha kuchipua. Mtu mwingine angezipika. Swabaha, la! Alizifukia uwani, kando ya mirehani yake na mpapai usiozaa, akazinywesha maji ya kuoshea samaki, na baada ya wiki chache majani yakafura ukutani utadhani hayajui kuwa chini ni mawe matupu.

Khairiya, shoga yake wa nyumba ya pili, alikuja siku moja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Miaka ishirini walikuwa wakiazimana kaa, chumvi, hata watoto. Akayaona majani, akasema yamestawi kwelikweli, akaenda zake. Mashaallah hakusema. Mimi nasema alisahau tu, maana alikuwa ameacha chungu jikoni. Lakini Swabaha alihofia jicho la husuda.

Mwezi wa tatu tangu azifukie, majani yakageuka manjano, yakalala, yakanyauka. Swabaha alifukiza ubani, akasoma sura za kinga, wapi! Yeye alizoea matembele na kisamvu, unachuma leo na kesho yanachipua tena. Kwake jani likifa na mmea umekufa. Akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Khairiya na kumwambia mbele ya wapita njia, "Jicho lako limeniulia mbatata zangu."

Khairiya alifunga mlango. Tangu siku hiyo sahani hazikupita tena baina ya nyumba zile mbili. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Juma la pili Muhdhar alirudi kutoka kazini anacheka. Kilio cha mkewe alikuwa amemsimulia Kavumbi, Mtaita anayefanya naye kazi bohari, ambaye kwao milimani mbatata hulimwa tangu enzi za babu. Kavumbi akauliza mbona mama analia badala ya kuchimba. Majani yakifa, ndiyo mbatata zimekomaa.

Swabaha hakungoja mumewe avue kofia. Alifukua kwa mikono miwili, zikatoka nyekundu, ndogo ndogo, zikajaa kikapu. Alifurahi mpaka alipoukumbuka ule mlango uliofungwa. Hapo akaketi kwenye udongo, akalia kwa haya.

Muhdhar akashauri atumwe mtu akamwombee radhi. Swabaha akakataa, tusi alilipeleka kwa miguu yake, na radhi ataifuata kwa miguu yake. Akazipika mbatata kwa tui zito na ndimu, akavaa buibui, akapiga hodi na kusema kwa sauti, kichochoro kizima kisikie.

"Khairiya, nimekukosea. Hazikufa, ni mimi niliyekuwa sijui. Niwie radhi, shoga yangu."

Sahani ilimuunguza viganja, asithubutu kuiweka chini. Kisha mlango ukafunguka. Khairiya akachukua mbatata moja, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

"Kama hii ndiyo kazi ya jicho langu," akasema, "kesho niite niutazame na mpapai wako. Miaka mitatu umesimama bure."

Akasogea kando ya mlango, ampishe aingie.