Jina la Kwenye Kibao

Aminieli alipofungua sanduku la bati, hakukuta michoro. Alikuta udongo. Mchwa walikuwa wamepenya kwenye kutu, wakala miaka kumi na saba ya kazi yake.

Miaka hiyo, baada ya kushuka Moshi kutoka kijijini kwake Suji, mlimani, na randa ya marehemu babake, yeye ndiye aliyebuni viti na meza zilizopamba mahoteli ya Nairobi na nyumba za mabalozi. Wateja walisubiri hata miezi minane kupata kiti kimoja. Lakini kila kiti kilitoka na kibao cha shaba chenye jina la tajiri mwenye karakana alikofanya kazi. Aminieli aliitwa fundi tu, wala hakulalamika.

Sasa ana miaka themanini na sita. Juzi alipigiwa simu na Sumaiya, binti anayeandaa maonyesho ya samani huko Dar es Salaam. Alikuwa amekipata kimoja cha viti vile kwenye nyumba ya wageni pale Same. "Babu, njoo na michoro yako," alisema.

Alishuka Same mikono mitupu, akishikwa mkono na bintiye Ernesta.

Kiti kilikuwa uani. Alikitambua kabla hajakifikia: mgongo wa mninga uliopinda polepole, kitako cha kamba za katani. Mtu alikuwa ameugongelea mguu mmoja misumari. Aminieli aliipapasa misumari ile, machozi yakamtoka.

"Shikamoo, babu," Sumaiya alisema. "Umekuja na michoro?"

"Marahaba. Imeliwa na mchwa yote."

Sumaiya alimpa karatasi na penseli. "Basi nichoree kiungo cha ndani, pale mgongo unapoingia mguuni. Fundi wetu alikifungua, akakiona. Ukikipatia, nitaandika jina lako."

Kiungo kile kilimchukua miaka miwili kukivumbua. Alianza kuchora. Alikiona kiti kizima akilini, ila alipofika kwenye kiungo palikuwa na ukungu mtupu. Mwishowe akachora kiungo cha kawaida anachokijua kila seremala.

Sumaiya alimrudishia karatasi. "Sicho, babu."

"Dada, we' tazama anavyokishika kiti hiki!" Ernesta alisema kwa uchungu. "Mwongo hushika hivyo?"

"Mimi namwamini. Lakini wakubwa wangu wanataka ushahidi. Litabaki jina la kwenye kibao."

Aminieli aliomba akikalie kiti, mara moja tu.

"Kamba zimeoza, babu. Zitakatika."

Sumaiya na vijana wake wakakifunga kwa mablanketi, wakakipakia, gari likashika barabara ya Dar.

"Twende, baba," Ernesta alisema. "Gari la Suji linajaa."

Hakuinuka. "Pengine sikukibuni mimi, mwanangu."

Ernesta alifungua kinywa amkemee, kisha akamtazama usoni, akaona kuwa babake mwenyewe ameanza kuamini hivyo.