Watoto wa Banda la Bukit Jering

Mwaka wa tatu wa masomo ya ustawi wa jamii, kila mwanafunzi hupelekwa mahali akaishi na watu na kufanya kazi nao. Wenzangu Wamalay walipangiwa vijiji vya mpunga, wenzangu Wachina wakapangiwa wazee wa mjini, na mimi Mtamil nikapangiwa shamba la mpira. Hakuna aliyekusudia ubaya. Daktari Rohaida, mhadhiri wetu wa sosholojia, alipogundua alicheka bila furaha.

"Mnaona?" akasema. "Muhula mzima nawafundisha jinsi Mwingereza alivyogawa kazi kwa asili za watu, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Mtamil kwenye mpira, Mchina kwenye migodi ya bati, Mmalay kwenye mpunga. Mwenyewe kaondoka zamani, kabati lake bado tunalipanga vilevile. Punitha, unataka nikubadilishie?"

Nikamwambia hapana. Shamba lenyewe lilikuwa Bukit Jering, alikozaliwa mama yangu; akahama akiwa na mimba yangu, na hakuwahi kunipeleka hata siku moja. Nilitaka kupaona.

Nilipompigia simu kumweleza, nilimsikia akizima redio.

"Mama?"

"Nipo." Akavuta pumzi. "Usilale karibu na banda." Kisha akakata.

Shamba lilikuwa limekwisha. Kiwanda kilifungwa, miti mingi ya mpira ilikatwa, ikapandwa michikichi, na ardhi yote ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya kujenga nyumba. Zilibaki familia chache katika safu ya nyumba za mbao walizojengewa wagema utomvu wa mpira enzi hizo. Walikuwa wamepewa nyumba ghorofani mjini, bure kabisa, na walikuwa wamekataa. Kazi yangu ilikuwa kujua kwa nini, na kuwasemea.

Nilipokelewa na Bibi Sivagami, mjane mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Mtoto wa Saroja huyu!" akawapigia kelele majirani. "Njooni mumwone! Mbona mwembamba hivi, mwanangu, huko chuoni mnakula vitabu?"

"Mwache, labda ndiyo fasheni," akajibu Thangam, jirani yake, akiwa mlangoni na ungo mkononi. "Wa siku hizi wanataka kufanana na fimbo."

Walinilisha dosai, zile chapati nyembamba za mchele, mpaka nikashindwa kuinuka. Nilipouliza kwa nini hawataki kuhama, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ngazi, mwingine ng'ombe wake, mwingine hekalu la mungu wao wa kike, Mariamman. Niliona wananipa majibu ya kumridhisha mgeni.

Alfajiri ya siku iliyofuata niliamshwa na mtoto mchanga akilia.

Nilijua hapakuwa na mtoto mchanga katika safu ile. Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, na kilio kilitoka upande wa nyuma, kwenye banda refu lililobaki nguzo na paa nusu. Bibi Sivagami alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake, ameshafumua nywele, kitana kimesimama mkononi. Hakugeuka.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia. Mtoto wa nani huyo, Bibi?"

"Wa Thangam," akasema, kama mtu anayetaja jirani anayepita njiani. "Wangu bado."

Niligeuka upande wa pili. Mlango wa Thangam ulikuwa wazi, naye alisimama pale, mkono kifuani. Kilio kile kikatulia, kikaanza kingine, chembamba zaidi. Bibi Sivagami akafumba macho. Midomo yake ikawa inacheza, na mwili unayumba taratibu, kama anayebembeleza.

Tulikaa hivyo hadi kukapambazuka.

Siku hiyo ndipo waliponieleza. Enzi zao mama akijifungua, baada ya muda mfupi alirudi kugema. Alfajiri, kabla jua halijakausha utomvu, walipita bandani kumwachia yaya watoto, kila mmoja katika bembea yake ya kitambaa, kisha wakaingia kwenye miti ya mpira na taa zimefungwa kichwani. Huku nyuma waliwasikia watoto wakiwalilia, na hapakuwa na kurudi. Msimamizi alikuwa anasubiri.

Msimu mmoja wa kiangazi kisima kilikauka. Shamba likaleta maji kwa mapipa na kuyaweka bandani. Mapipa yalikuwa ya dawa ya kuulia magugu.

"Walisema yameoshwa," alisema Thangam. "Sisi tungejuaje? Maji yalikuwa meupe tu."

Watoto wakaanza kuharisha, kisha kukohoa, kisha kuzimika mmoja baada ya mwingine. Msimamizi alisema ni homa. Walizikwa nyuma ya banda haraka haraka, bila hata jiwe, na kesho yake mama zao waliitwa kazini kama kawaida.

"Sasa niambie wewe msomi," Bibi Sivagami akasema, na safari hii sauti yake haikuwa kubwa. "Nikihamia huko juu ghorofani, mwanangu akilia atasikiwa na nani?"

Nilikaa nao alfajiri baada ya alfajiri, nikajifunza nani ni wa nani. Kila mama alimjua wake na hakukosea. Lakini wa mwisho, ambaye alikuja mwanga ukiwa umekaribia, hakuna aliyemdai. Huyo alilia kidogo, akakohoa, akalia tena. Wanawake walikuwa wananitazama kisha wanaangalia pembeni.

"Na huyo?" nikauliza.

"Mwenyewe alihama," Bibi Sivagami akajibu, akaingia ndani.

Nilimpigia mama simu nikiwa nimesimama barabarani, mbali na nyumba.

"Mama, kuna mtoto analia huku. Analia halafu anakohoa."

Nilisikia kitu kikianguka upande wa pili, sufuria labda. Kisha sauti ya mama, ndogo sana.

"Bado anakohoa?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na kaka.

Nilirudi chuoni kumwona Daktari Rohaida. Niliogopa ataniona nimerukwa na akili, lakini alifunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho, uso wake umekunjamana.

"Mimi sitakuuliza kama wapo au hawapo," akasema. "Mimi Mmalay, nimelelewa na bibi aliyekuwa akisalimia mti kabla ya kuupita. Nakuuliza hivi: hawa kina mama wanataka nini?"

"Wanataka watoto wao."

"Basi hilo ndilo la kwenda kudai. Usidai nyumba bora, wala ngazi. Na usiende wewe kuwasemea, nendeni mkaseme pamoja."

Tulikwenda wote ofisi ya kampuni ya ujenzi. Bwana Kok Weng, msimamizi wa mradi, alitupokea kwa adabu na chai. Alisema kampuni iliyokuwa na shamba ilishavunjwa, na kwamba alipokabidhiwa ardhi aliambiwa hakuna mtoto aliyezikwa nyuma ya banda. Trekta zilikuwa zinaingia mwezi unaofuata.

"Nawaelewa, mama zangu, lakini mimi ninachimba nitafute nini? Hakuna alama yoyote."

"Alama sisi," Thangam akasema.

"Mama, miaka yote hiyo..."

"We mtoto wa Kichina," Bibi Sivagami akamkatiza. Nilitaka kumgusa mkono, nikachelewa. "Mama yako yu hai?"

"Alifariki."

"Kalala wapi?"

"Kilimani, nje ya mji."

"Unakwenda?"

"Kila mwaka. Tunafagia kaburi, tunampelekea chungwa na chai." Alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamfia. Akafunua kalenda ya mezani. Mwishowe akasema, "Nitawapa asubuhi moja. Na vijana wawili wa kuchimba kwa majembe, siyo trekta. Zaidi ya hapo mabosi wangu watanifukuza."

Mama yangu alikuja asubuhi hiyo. Alishuka kwenye teksi amevaa sari ya pamba ya kijivu, akapita safu yote ya nyumba bila kuangalia kulia wala kushoto, hadi alipokutana na Bibi Sivagami. Nilidhani watakumbatiana. Bibi Sivagami alimchapa kofi la bega.

"Umetuachia mwanao tumlee!"

"Nisamehe, akka," mama akasema, yaani dada mkubwa, na hapo ndipo wakashikana.

Kila mama alikwenda akasimama mahali pake. Hakuna aliyepima wala kuuliza. Waliingia kwenye magugu na kusimama, kama wanafunzi waliojua madawati yao. Vijana wakaanza kuchimba. Kwa Thangam ulitoka uzi wa fedha ambao watoto wetu hufungwa kiunoni, umegeuka mweusi, na mifupa midogo kama ya ndege. Thangam aliupangusa kwa ncha ya sari, akauvaa kidoleni. Kwa Bibi Sivagami ilitoka bangili ya kioo na mifupa michache. Yeye hakulia. Alifungua kanga aliyokuja nayo na kuvikusanya vyote humo, akivisemesha kwa sauti ya chini, akivigombeza kidogo kwa kuchafuka.

Mama yangu alikuwa amesimama juu ya zege.

Mtaro mpya wa maji, ambao kampuni ilikuwa imeujenga kwanza kabla ya trekta, ulikuwa umepita pale pale, mpana, umeshakauka. Vijana walijaribu pembeni mwake, huku na huku, mpaka jua likawa kali na Bwana Kok Weng akaja mwenyewe, amevua kofia.

"Mama, huo mtaro siwezi kuuvunja. Naomba radhi."

"Wewe hukujua," mama akamwambia. Alivua ndala, akapiga magoti, akaweka shavu kwenye zege. Sikuwahi kumwona mama yangu akigusa ardhi kwa namna ile. "Mugilan," akaita. "Mugilan, mwanangu, nimekuja."

Waliopatikana walizikwa pamoja karibu na hekalu la Mariamman, mahali palipo na kivuli. Suala la mapipa tulilipeleka kila tulikoweza, mimi na Daktari Rohaida na kina mama, na kila mahali tuliambiwa kampuni ile haipo tena, kwa hiyo hakuna wa kujibu. Mpaka leo hakuna aliyekubali kosa. Kina mama walihamia ghorofani. Thangam hulalamikia ngazi, lakini aliniambia kwamba sasa analala mpaka jua linatoka. Bibi Sivagami alifariki usingizini baada ya masika mawili, akamfuata mwanawe.

Mimi nilihitimu, nikaajiriwa ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Nyumba mpya za Bukit Jering zilijaa watu.

Juzi alikuja ofisini mke wa mtu, kijana, Mmalay, amebeba tumbo la miezi mingi. Anaitwa Mazlina. Alizungukazunguka maneno, akauliza habari za kliniki, akauliza habari za chanjo, kisha akainamisha kichwa.

"Dada, usinicheke. Nimeambiwa wewe unapajua pale zamani. Nyuma ya jiko langu, penye mtaro, kuna mtoto analia alfajiri. Mume wangu hasikii. Mama mkwe kaleta ustadhi kasoma, bado tu. Majirani wanasema ni mimba inanichezea akili."

"Analiaje?" nikamuuliza.

"Analia, halafu anakohoa."

Ningeweza kumpeleka kwa daktari wa akili, na vitabuni ndivyo ilivyoandikwa. Nilifunga mlango nikamweleza yote, tangu taa za wagema hadi zege. Alilia kimya kimya, kitambaa chake cha kichwa kikaloa kidevuni. Nilimwambia naweza kumsaidia kutafuta nyumba nyingine kabla hajajifungua.

Alilishika tumbo lake kwa mikono yote miwili.

"Tukihama, atabaki na nani?" akauliza.

"Sijui, mdogo wangu."

"Anaitwa nani?"

"Mugilan."

Alilirudia mara kadhaa, taratibu, mpaka ulimi ukalizoea. Kisha akaniomba nimfundishe Watamil wanasemaje wanapombembeleza mtoto alale. Nilimwambia mimi siyajui vizuri maneno hayo, mama yangu ndiye anayeyajua. Nikachukua simu, nikampigia.