Databesi ya Tawi Lililofungwa

"Hakuna anayeigusa, mjomba! Hakuna!"

"Kama hakuna, inanenepa kwa kula nini? Upepo?"

Mpwa, anayetunza kompyuta za zahanati, akageukia skrini. Kwenye dirisha la dawa foleni imeganda, kina mama na watoto wanaokohoa, maana kompyuta kuu ya zahanati imejaa tena na hakuna cheti cha mgonjwa kinachofunguka. Iliyoijaza ni databesi, hifadhi ya kumbukumbu, ya tawi lililofungwa zamani. Daktari hayupo kule, mgonjwa hayupo, wanalala paka tu. Lakini logi yake, lile faili linaloandika kila badiliko, imevimba kama kiroba cha maji.

Na leo ndiyo siku ya kuondoka. Kazi mpya kapata, mji mwingine, begi liko mlangoni. Mjomba kasema haondoki mtu hapa mpaka ugonjwa huu upone. Mpwa naye moyo haumpi kuwaacha wale watoto dirishani, na mjomba hilo analijua vizuri sana.

Akafuta mafaili machache yasiyo na kazi, foleni ikasogea, kisha akaanza kusaka. Chumba hakina dirisha, feni imekufa, jasho linamtiririka mpaka kwenye kibodi. Mwisho akamkamata mwizi. Kuna kazi inayojiendesha yenyewe, kila saa inapanga upya majedwali yote, hata ya lile tawi. Ni kufagia nyumba isiyo na mtu, halafu kila ufagio unaandikwa. Logi imeamriwa isifute kitu mpaka nakala ya akiba ichukuliwe, na nakala zilisimamishwa tawi lilipofungwa. Itapungua vipi?

"Nani kaiweka hii?"

"Mimi."

"Basi izime, mjomba. Inataka nywila yako. Bonyeza tu, niende zangu."

Mjomba akaitazama skrini. Hakushangaa hata chembe.

"Kumbe unajua! Tangu lini?"

"Usinihoji kama polisi. Mama yako kanibeba mgongoni, leo wewe ndio wa kunikaba?"

"Tangu lini, mjomba?"

"Tangu uliposema unaondoka." Sauti ikashuka. "Niliiona inavyoijaza logi, nikaiacha. Nikiizima, nabaki na nani humu?"

"Kwa hiyo niwe nafuta kila siku mpaka ninyauke?"

"Mbona mimi nimenyauka na bado nakula? Haya, foleni hiyo imesimama tena. Futa."

Mjomba akageuka, akatoka bila kugusa kibodi, akiwasalimia kina mama mmoja mmoja kana kwamba hakuna lililotokea.