Macho ya Duara

Mungu alikuwa anaumwa. Kila mwaka hekaluni, wakishaiogesha sanamu yake kwa mitungi ya maji mbele ya watu, homa humshika, na makuhani humlaza ndani asionekane. Mpaka apone, watu huiabudu picha yake, na picha hiyo huchorwa na nyumba ya Mzee Banamali tu.

Sebati, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini mji wa mbali, ndiye aliyeandaa kitambaa: sari kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya mbegu za ukwaju, akazisugua kwa jiwe mpaka zikawa ngumu na laini kama ngozi. Lakini kuchora picha ya hekaluni si kazi ya mwanamke. Basi akaketi kizingitini akimnyonyesha mwanawe Tuku, huku akimtazama mkwewe.

Yalikuwa yamebaki macho. Macho huja mwisho, na Mungu huyu ana macho ya duara kamili. Mzee alichovya brashi kwenye wino wa masizi, akaishusha. Mkono ukatetemeka. Akaiinua. Tone jeusi likaangukia mkeka.

"Ni njaa," alisema. "Mfungo huu wa mchoraji: mlo mmoja kwa siku, tena hata kitunguu hamna."

"Njaa!" mkewe Kuntala alidakia kutoka jikoni. "Mwaka jana ulisema ni mbu."

Hakuna aliyecheka. Ngoma za makuhani zilishaanza kusikika ng'ambo ya bwawa. Wakija kuichukua picha na kukuta uso hauna macho, kazi itahamia nyumba nyingine, na Sebati alijua mzee hataigusa brashi tena maishani.

Akageuka asimwone akihangaika. Kule jikoni Kuntala alikuwa akisukuma chapati. Kijiti kilikwenda mbele na kurudi palepale. Chapati yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizunguka.

"Mama, nishikie Tuku."

Akanawa mikono, akaingia.

"Baba, usiuzungushe mkono. Weka viwiko magotini, shika brashi kwa mikono miwili, uitulize. Mimi nitazungusha kitambaa."

Mzee alimkazia macho. "Yaani unataka kuchora wewe?"

"Nichore na nini, baba? Brashi unayo wewe. Kitambaa ndicho changu tangu mwanzo."

"Mgonjwa anangoja," Kuntala alisema, mtoto kiunoni, "na wewe unaleta ubishi!"

Mzee akainama. Brashi ikagusa. Sebati akazungusha taratibu, pumzi ameibana, mpaka wino ukakutana na wino. Jicho la kwanza likatoka zima. La pili ukingo wake ulikuwa na kijiwimbi kidogo.

Kuhani mkuu alipofika, aliitazama picha kwa muda mrefu, hasa jicho lile la pili.

"Mwaka huu homa imempata kweli," alisema kwa huruma, kisha akaifunga picha kwa kitambaa cheupe, wakaondoka nayo.

Mzee alingoja ngoma zitokomee ndipo akazungumza.

"Sebati."

"Abee, baba."

"Mwakani ukisugua kitambaa, uzidishe upande wa nyuma. Kilikuwa kinakwamakwama."