Chupa za Kabatini

Saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa bado amesimama kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alisahau kuivua tangu jana, mkewe alipoanza kutetemeka kwa homa, siku ya saba baada ya kujifungua. Sasa mke alikuwa kitanda cha tatu, macho ameyafumba, anahema harakaharaka. Daktari wa zamu alishasema: vijidudu vimeingia kwenye damu, presha imeshuka. Vijidudu gani? Hapo daktari akainua mabega. Maabara ya hospitali haikuwa na chupa za kuoteshea vijidudu tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo kila mgonjwa alichomwa dawa ileile, ya kubahatisha, na kazi iliyobaki akaachiwa Mungu.

Fundi alitamani sauti ya mkewe. Siku nyingine, kufikia saa hii, angekuwa ameshampigia simu mara nne kuuliza kama amekula, naye angemjibu kwa mkato kwa sababu ana pini mdomoni. Leo angekubali kukatizwa kazi hata mara mia.

"Shemeji, wewe ndiye wa kitanda cha tatu?" Alikuwa muuguzi wa utafiti, mwenye koti la kijani na faili kifuani.

"Ndiyo, dada. Ni mke wangu."

Wakakaa kwenye benchi. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba kuna utafiti wa wagonjwa waliozidiwa na maambukizi ya damu. Wanaoingia hupimwa kila baada ya saa sita, na chupa zao zipo, kwa hiyo hujulikana ni mdudu gani na dawa gani inamuua.

"Halazimishwi mtu," akasema. "Ukikataa, matibabu yake yataendelea kama kawaida."

"Kawaida ipi, dada? Hii ya kubahatisha?"

Muuguzi akafungua fomu. "Kabla ya kuletwa hapa, alichomwa sindano yoyote ya kuua vijidudu?"

Fundi akajinyoosha. Jibu la hili alikuwa nalo. "Alichomwa, tena mbili. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, nikakuta wanafunga, nikatia mguu mlangoni mpaka wakamhudumia."

Kalamu ikasimama. Utafiti ulitaka mgonjwa aliyechomwa dawa yake ya kwanza humuhumu hospitalini, saa yake ikaandikwa. Aliyetanguliwa na zahanati hana nafasi.

"Yaani nimemharibia?"

"Hukumharibia, shemeji. Pengine ndizo zilizomfikisha hapa akiwa hai."

"Basi futa. Andika hakuchomwa."

"Nikiandika uongo, majibu ya utafiti yatapotoka, na tiba ya wagonjwa wengine itapotoka nayo."

"Hao wengine siwajui. Mimi namjua mmoja." Akaanza kulia, mtu mzima mwenye wateja wake, wala hakujificha. "Nimemkumbuka, dada. Yuko pale, namwona, na nimemkumbuka."

Muuguzi akampigia mkuu wa utafiti. Fundi alisikia "ndiyo mkuu," kisha "lakini mkuu," kisha "ndiyo" tena. Simu ilipokatika, akaelezwa kwamba kila chupa inayotoka kabatini huandikwa daftarini na namba ya mshiriki. Za wodi zimeombwa, ila barua inangoja sahihi ya mganga mkuu, na mganga mkuu yuko semina.

"Semina ya nini?"

"Ya maambukizi ya damu."

Fundi alicheka bila kupenda. Akalitazama kabati la kioo lililokuwa kando ya benchi, chupa za utafiti zimepangwa ndani. "Hizo ni ngapi?"

"Arobaini. Zinaisha muda mwezi ujao, na wanaostahili tunapata wawili kwa wiki."

"Na zitakazobaki?"

"Zitateketezwa."

Fundi akaishika futi shingoni, akasema, "Mimi hata kipande cha kitambaa kikibaki, sikichomi moto."

Muuguzi akainuka, akafungua kabati, akatoa chupa mbili. "Usitarajie makubwa," akamwambia. "Sindano alizokwisha kuchomwa zinaweza kuwaficha hao wadudu. Lakini tujaribu."

Damu ilipokuwa ikitolewa mkono wa kulia, fundi aliruhusiwa kuushika wa kushoto. Ulikuwa wa moto. Akainama, akamwambia mkewe kwamba mtoto yuko kwa bibi yake, analia kama mama yake, habembelezeki. Maneno hayo yangetosha kumpatia ugomvi wa siku nzima. Akausubiri ugomvi wake, sikio karibu na mdomo wa mkewe, akapata pumzi tu, ya haraka.

Nje, muuguzi alifunua daftari. Safu ya namba ya mshiriki akaiacha wazi. Kwenye safu ya maelezo akaandika kwa mwandiko wa kusomeka: "Chupa mbili, kitanda cha tatu. Hayumo kwenye utafiti. Anaumwa." Akatia sahihi, na chini yake akaandika jina lake lote.